Majina ya Kazi kwa Kiingereza

Mji wa Kamina ni njia panda ya gari la moshi. Reli moja yashuka Bukama, yapita Tenke na Likasi, yafika Lubumbashi. Nyingine yapanda mpaka Ilebo, mji ulioitwa zamani Port-Francqui. Reli ya kutoka Bukama mpaka huko ilimalizika mwaka 1928. Ya tatu yaelekea Kabalo, nayo iliunganishwa na Kamina mwaka 1956. Reli hizo zilileta kazi nyingi ambazo mababu hawakuzijua, na kila kazi ilikuja na jina lake.

Si kwamba nchi hii haikuwa na mafundi kabla ya reli. Pale Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walifukua makaburi ya kale katika miaka ya 1957 na 1958. Mengine yana umri wa miaka elfu hivi. Ndani yake waliona vyungu vilivyofinyangwa vizuri sana, mapambo ya shaba na vitu vya chuma. Basi mfinyanzi na mhunzi walikuwako zamani, na mvuvi pia, kabla Mzungu yeyote hajaweka mguu wake hapa.

Kiswahili kina njia yake ya kuita watu wa kazi. Mtu apikaye ni mpishi. Alindaye ni mlinzi. Avuaye samaki ni mvuvi, na afinyangaye udongo ni mfinyanzi. Kitendo ndicho kinachozaa jina.

Kiingereza nacho hufanya karibu vivyo hivyo, ila alama yake hukaa mwisho wa neno. "Teach" ni kufundisha, na mwalimu ni "teacher". "Build" ni kujenga, na mjenzi ni "builder". "Farm" ni shamba, na mkulima ni "farmer". "Drive" ni kuendesha, na aendeshaye ni "driver". Neno hili la mwisho Waswahili wa pwani walilichukua, wakalitamka kwa ulimi wao, likawa dereva.

Mwanafunzi akiisha kujua hayo hufurahi, akadhani amepata ufunguo wa milango yote. Kumbe, upo mlango usiofunguka. "Cook" ni kupika. Je, mpishi ni "cooker"? Hapana! Mpishi ni "cook", neno lile lile bila kuongeza kitu. "Cooker" ni jiko. Mtu akisema kwa Kiingereza kwamba mama yake ni "cooker" wa shule, amesema kwamba mama yake ni jiko, na wasikiao watacheka mpaka machozi yawatoke.

Mhunzi ni "smith", na yule wa chuma huitwa "blacksmith". Zamani kila kijiji cha Uingereza kilimhitaji mhunzi, kwa majembe na kwa kwato za farasi. Ndiyo maana jamaa nyingi sana za Waingereza zina jina la Smith mpaka leo. Fundi wa bomba za maji ni "plumber", lakini herufi b haitamkwi. Jina hilo latoka katika neno la Kilatini "plumbum", maana yake risasi, ile madini laini na nzito, kwa sababu bomba za zamani zilifanywa kwa risasi. Karani ni "clerk". Neno hili lina ukoo na "clericus" la Kilatini, yaani mtu wa Kanisa. Katika Ulaya ya kale waliojua kuandika walikuwa hasa mapadre na watawa, basi kila mwandishi akaitwa hivyo, hata kama hakuwa na kanzu.

Sasa yafuata jambo lililo gumu zaidi kwa watoto wa Kongo. Wao hujifunza Kifaransa shuleni kabla ya Kiingereza, na lugha hizi mbili zina maneno mengi yanayofanana sura. Sura ni moja, maana ni mbali. Ni kama mapacha wawili: ukimwita huyu, mwenzake aitika.

Tazameni neno "chef". Kwa Kifaransa ni mkubwa wa kazi. Mkubwa wa stesheni huitwa "chef de gare". Waingereza walilichukua neno hilo kutoka Ufaransa, lakini walilichukua jikoni, mahali ambapo mkubwa wa wapishi huitwa "chef de cuisine". Wakakata mkia wa jina, wakabaki na "chef". Kwao "chef" ni mpishi hodari. Mkubwa wa stesheni wanamwita "station master". Basi mtu wa Kamina akimwambia Mwingereza kwamba anamtafuta "chef" wa stesheni, ataonyeshwa mahali pa kula.

Neno "conducteur" kwa Kifaransa ni mtu aendeshaye gari. Kwa Kiingereza "conductor" haendeshi kitu. Yeye ni yule apokeaye nauli au atazamaye tikiti za abiria. Katika Kenya na Tanzania wanamwita kondakta. Tena fundi atengenezaye mashine ni "mechanic" kwa Kiingereza. Lakini katika reli za Wafaransa "mécanicien" ni jina la yule aendeshaye kichwa cha gari la moshi! Mwingereza humwita "engine driver" au "train driver".

Wala neno "chauffeur" halikuanza barabarani. Latoka katika "chauffer", maana yake kutia joto. Zamani, vichwa vya gari la moshi vilipokwenda kwa mvuke, watu wawili walisimama juu yake. Mmoja aliendesha. Wa pili alitia makaa au kuni motoni, maji yachemke, mvuke uwe na nguvu. Huyo mtia moto ndiye aliyekuwa "chauffeur". Magari ya barabarani yalipoanza, mengine nayo yalikwenda kwa mvuke, na jina likahamia kwa mwendeshaji. Moto umezimika siku nyingi, jina limebaki; watu wa Kongo husema shofere, wala hawakumbuki makaa.

Waingereza walimwita mtia moto huyo "fireman", yaani mtu wa moto. Lakini katika miji yao "fireman" ni mtu azimaye moto nyumba zikiungua. Jina moja, na huyu anauwasha, huyu anauzima. Siku hizi azimaye moto huitwa zaidi "firefighter", yaani apiganaye na moto, na jina hili ni bora.

Mtu ataweza kuuliza: yanifaa nini hayo, mimi ninayekaa Kamina? Yafaa. Lubumbashi si mbali na mpaka wa Zambia, na Wazambia husoma na kuandika kazi zao kwa Kiingereza. Malori hupita Kasumbalesa kila siku. Tuseme kijana aliyejifunza kuendesha malori avuka mpaka kutafuta kazi, aulizwa ufundi wake, naye ajibu kwamba ni "conductor". Ataandikwa mtoza nauli. Mshahara wake utakuwa wa mtoza nauli, na ufundi wake wa miaka utakaa bure mfukoni. Karatasi ya kazi ikiisha kutiwa sahihi, ni vigumu kuibadili.

Maneno ya Kiingereza yenyewe si mageni katika Katanga. Reli ya kwanza kufika Lubumbashi, mwaka 1910, ilitoka kusini, katika nchi za Waingereza, na wafanyakazi wengi wa migodi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo tangu mwaka 1964 ni Zambia. Pamoja nao liliingia neno moja baya. "Boy" kwa Kiingereza ni mtoto wa kiume. Lakini mabwana wa wakati ule walimwita hivyo mtu mzima, baba wa watoto, mwenye mvi kichwani, kwa sababu tu aliwapikia au aliwafulia nguo. Wabelgiji nao wakalichukua, na mpaka leo wako wasemao boyi. Neno hili lisiigwe. Apikaye ni "cook", atunzaye bustani ni "gardener", na wote wafanyao kazi za nyumbani huitwa "domestic workers". Ndivyo walivyoitwa katika mkataba uliofanywa Geneva mwaka 2011 na Shirika la Kazi la Dunia, ule usemao kwamba wao ni wafanyakazi kamili, wenye haki ya kupumzika na kulipwa kama wengine.

Yapo maneno mengine mawili ya kushika vizuri. Mchimba madini ni "miner". Mtu ambaye hajatimiza umri wa ukubwa, yaani chini ya miaka 18, ni "minor". Ukiyaandika, yana tofauti ya herufi moja. Ukiyasema, masikio ya watu wengi hayatambui tofauti. Kifaransa kimezidi: "mineur" ni mchimba madini, na "mineur" ni mtoto vilevile, hata herufi hazitofautiani.

Lakini sheria yatofautisha. Mwaka 1999 Shirika la Kazi la Dunia lilifanya mkataba nambari 182, unaokataza kazi za hatari kwa kila aliye chini ya miaka 18. Kuchimba chini ya ardhi ni mojawapo ya kazi hizo. Mwaka 2020 nchi zote za shirika hilo, Kongo ikiwa ndani, zilikuwa zimeukubali. Hata hivyo, upande wa Kolwezi wameonekana watoto wakiokota na kuosha mawe ya kobalti, wengine wakibeba magunia mazito. Mashimo huporomoka, na vumbi huingia kifuani. Mtoto akipelekwa huko, hata kwa maneno matamu ya pesa, aliyempeleka amevunja sheria. "Minor" si "miner".

Limebaki neno moja dogo. Kwa Kiingereza "work" ni kazi yoyote, na "job" ni kazi ambayo mtu ameajiriwa na kulipwa. Husemwa "a job", kwa maana kazi za kuajiriwa huhesabika. Haisemwi "a work" kwa kazi ya mtu. Mama aamkaye gizani, akachota maji, akalima mihogo, akatwanga, akapika, akawaogesha watoto, ana "work" tangu alfajiri mpaka usiku. Akiulizwa kama ana "job", ajibu hana. Jibu lake ni sahihi kwa Kiingereza. Lakini asiwepo mtoto atakayelifasiri akisema kwamba mama yake hafanyi kazi.

MASWALI

1. Nani hupika chakula: "cook" au "cooker"?
2. Kwa nini mtia makaa wa gari la moshi aliitwa "chauffeur"?
3. Mtu anajua kuendesha lori. Akifika Zambia ajiite nani? Asijiite nani?
4. Soma kwa sauti: "miner", "minor". Kisha andika maana ya kila moja bila kutazama kitabu.
5. Nenda sokoni au stesheni. Waulize watu watano wanafanya kazi gani. Andika jina la kila kazi kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Kama kazi moja haina jina katika lugha mojawapo, eleza kwa maneno yako mtu huyo afanya nini.