AFYA YETU: TUPIME JOTO LA CHUMBA CHA KUJIFUNGULIA



Mtoto anapozaliwa ametoka mahali penye joto, tena amelowa. Chumba kikiwa na baridi, mwili wake hupoa upesi. Mtoto aliyepoa hulegea, hunyonya kwa shida, na anaweza kufa. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba cha kujifungulia kiwe na joto la nyuzi 25 hadi 28 za Sentigredi, na upepo usipite.

Utajuaje kama chumba kimefikia joto hilo? Usitegemee mkono. Usiku mmoja wa baridi nilitoka nje kuchota maji. Niliporudi niliona chumba kina joto la kutosha. Mtoto akazaliwa, na baada ya muda mfupi miguu yake ilikuwa baridi kama jiwe. Tulimweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, tukamvika kofia na kuwafunika wote wawili. Akapona. Mkono wangu ndio ulionidanganya.

Kipimo hakidanganyiki hivyo. Leo tutengeneze kimoja.

VIFAA
Ubao mdogo wa saketi unaopangiwa kazi kwa kompyuta, kama Arduino Uno. Kipimajoto kidogo cha LM35 chenye miguu mitatu. Na waya tatu.

KUUNGANISHA
1. Elekeza upande bapa wa kipimajoto kwako, miguu ikiwa chini.
2. Mguu wa kushoto uunganishe na tundu la 5V, wa kati na A0, wa kulia na GND.
3. Hakikisha kabla ya kuwasha. Ukigeuza miguu, kifaa hupata moto na kuunguza kidole. Kikiwa hivyo, chomoa umeme mara moja.

HESABU YAKE
Kwa kila nyuzijoto moja, LM35 hutoa umeme wa milivolti 10. Ubao huugeuza umeme huo kuwa namba kati ya 0 na 1023. Zidisha namba hiyo kwa 500, kisha gawanya kwa 1024. Mfano: namba ni 46. 46 × 500 = 23,000. Gawanya kwa 1024, utapata nyuzi 22.5 hivi. Chumba hicho kina baridi. Andika hesabu hiyo katika programu, na uamuru taa ndogo ya ubaoni iwake kila joto linaposhuka chini ya 25.

MAMBO YA KUZINGATIA
Weka kipimajoto karibu na kitanda, mbali na jiko, dirisha na taa. Kilinganishe kwanza na kipimajoto cha kioo cha chumba. Viache pamoja robo saa.

Usiwashe jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu huua.

Kumbuka pia kwamba ubao huu unapima hewa, haumpimi mtoto. Mtoto apimwe kwapani kwa kipimajoto cha hospitali. Joto lake liwe nyuzi 36.5 hadi 37.5.

MASWALI
1. Kwa nini mkono si kipimo kizuri?
2. Ubao ukitoa namba 55, chumba kina nyuzi ngapi? Je, kinafaa?
3. Chumba cha kujifungulia cha zahanati yenu kina kipimajoto? Zungumzeni darasani.