Betri na Vyombo vya Umeme Vilivyochakaa: Hatari Zake Nyumbani

Katika Kabazana, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, kaya nyingi hutegemea sola na tochi kupata mwanga, na kwa hiyo betri zilizokufa hujikusanya uvunguni mwa vitanda na nyuma ya nyumba. Hizo huandamana na simu, redio na chaja zisizofanya kazi tena, ambazo huitwa taka za kielektroniki, yaani vifaa vya umeme ambavyo mwenyewe ameacha kuvitumia. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Lakini inayotisha zaidi ni betri kubwa ya sola au ya gari, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, madini mazito ambayo mwili hauyahitaji hata kidogo, iliyozamishwa katika tindikali inayounguza ngozi na macho. Betri ikipasuliwa uani, vumbi la risasi hubaki kwenye udongo ambamo watoto hucheza, kisha huingia kinywani kupitia vidole. Na tumbo la mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya la mtu mzima. Sumu hiyo hudhoofisha ubongo, figo na damu, hupita kutoka kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto aliye tumboni, na mara nyingi haionyeshi dalili yoyote, hivi kwamba hutambuliwa kwa kupima damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Kurejeleza, yaani kuyeyusha na kutumia upya madini ya kifaa kilichochakaa, hupunguza hatari hiyo, lakini kwa sharti kwamba kazi ifanywe kwa ustadi. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ulipata madhara kutokana na urejelezaji wenyewe: kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014 kiliwaachia wakazi risasi katika damu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ikiwa kiwanda kizima kilishindwa kuidhibiti risasi, jiko la mkaa uani haliwezi.

Betri ndogo, ambazo wengi huziita mawe, hazina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na pengine ndiyo sababu hutupwa chooni au kupewa watoto wazivunje. Unga wake mweusi usipakwe ukutani. Betri bapa za saa ziwekwe mbali na watoto, kwani zikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe, maana hulipuka moto, wala nyaya zisichomwe ili kupata shaba, kwa sababu moshi wa plastiki yake ni sumu.

Betri kubwa ihifadhiwe ikiwa imesimama, mahali pakavu, mbali na chakula, mpaka irudishwe dukani au iuzwe mjini Mbarara. Mnunuzi anayetaka tindikali imwagwe kwanza anamhamishia muuzaji hatari yake, kwa hiyo kaya na imkatalie na kutafuta mwingine atakayeichukua nzima.