Siku ya Mwisho Kabla ya Kurudi Ng'ambo: Maliza Mambo ya Pesa Asubuhi, Jioni Ukatembee

Simu nyingi tunazopokea kutoka kwa wateja walio ng'ambo huja wiki chache baada ya wao kurudi huko. Maneno hutofautiana, lakini shida ni ile ile: laini iliachwa kwa kaka, PIN iliachwa kwa binamu, na sasa haijulikani pesa za mama zimeenda wapi. Wakati mwingine hata hakuna aliyeiba. Ni vile siku ya mwisho nyumbani ilikuwa ya mbio, na mambo ya pesa yakapangwa mlangoni huku teksi ikipiga honi.

Katika somo hili tutaipanga siku hiyo upya. Tuchukue mfano wa muuguzi anayefanya kazi Uingereza. Amekuwa nyumbani wiki tatu. Jana aliagana na mama Kakamega, leo yuko Nairobi kwa mdogo wake, na ndege ni usiku. Ana siku nzima. Akimaliza shughuli zake kufikia saa saba mchana, atabaki na saa kadhaa za kupumzika na kutembea. Hivi ndivyo anavyoweza kufanya.

1. Anza na laini yako

Kabla ya chai, piga *106#. Utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye mtandao huo. Ukiona namba usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika leo, kwa sababu ukiwa ng'ambo huwezi kufika dukani. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako ikitumika vibaya, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Laini yako safiri nayo. Usiiache kwa mtu. Iwekee salio, na uhakikishe inaweza kushika mtandao ukiwa nje ya nchi, ili ujumbe wa kuthibitisha malipo ukufikie. Data ya nje ya nchi ni ghali, kwa hivyo izime na utumie intaneti ya nyumbani kwako huko.

Pia, laini ikikaa muda mrefu bila kutumika huweza kufungwa, na baadaye namba hiyo ikauziwa mtu mwingine. Jiwekee mazoea ya kuitumia kila mwezi, hata kwa kutuma kiasi kidogo tu. Na kama una laini ya zamani iliyokuwa na pesa na huna habari zake, piga *361#. Hiyo ni huduma ya UFAA, taasisi ya serikali inayotunza pesa zisizodaiwa na wenyewe. Pengine kuna kitu chako huko.

2. PIN haiachwi nyumbani

Hapa ndipo familia nyingi huteleza. Mtu anasema, "Chukua PIN yangu, mama akihitaji dawa utoe." Ni upendo, tunaelewa. Lakini mpango huo unamfanya mama aombe pesa zake mwenyewe, na unamfanya kaka atiliwe shaka kila salio linapopungua, hata kama hajagusa shilingi. Ukishampa mtu PIN, kwenye mfumo malipo yote yanaonekana ni yako. Hata sisi hatuwezi kujua nani alibonyeza.

Njia bora ni mama awe na laini yake, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, na PIN anayoijua yeye. Isiwe mwaka wake wa kuzaliwa. Kama hasomi vizuri, mfundishe mambo matatu tu: kuangalia salio, kusoma jina la anayemtumia, na kutoa pesa kwa wakala. Muuguzi wetu alifanya hivyo Kakamega wiki iliyopita, mara tatu, hadi mama akatoa KSh 200 mwenyewe bila kusaidiwa. Leo asubuhi anamtumia KSh 100 za majaribio na kumpigia: "Mama, umeona jina langu?" Mama akijibu kwamba ameliona, basi njia inafanya kazi.

Na wewe mwenyewe, hakikisha unaikumbuka PIN yako. Ukikosea mara kadhaa akaunti inafungwa, na kuifungua ukiwa Manchester au Doha si rahisi kama kuingia dukani Tom Mboya Street.

3. Lipa moja kwa moja panapolipwa

Si kila pesa lazima ipitie mkononi mwa mtu. Karo ya mpwa ilipwe kwa paybill ya shule, akaunti ikiwa ni namba ya usajili ya mwanafunzi. Tokeni za stima za mama zinanunuliwa kwa paybill 888880 ya Kenya Power, akaunti ikiwa ni namba ya mita. Michango ya SHA ya mama inaweza kushughulikiwa kwa *147#. Kodi ya nyumba ilipwe kwa paybill au till ya mwenye nyumba.

Leo, kabla ya kuondoka, fanya malipo ya kwanza ya kila moja ukiwa bado hapa. Sababu ni rahisi: kama namba ya mita ina kosa, utaigundua ukiwa na mama kwenye simu akiwa amesimama mbele ya mita. Andika namba zote kwenye karatasi moja, piga picha, na umwachie mdogo wako nakala. Hizi hazina siri, kwa sababu mtu hawezi kutoa pesa zako kwa kujua namba ya mita.

4. Kiasi kikubwa na pesa taslimu

Kama unamaliza deni la fundi au shamba, kumbuka kuna vikomo. Kwa pesa za simu, muamala mmoja hauzidi KSh 250,000, na kwa siku huwezi kupita KSh 500,000. Ukianza saa kumi na moja jioni na deni ni KSh 600,000, hutamaliza leo. Anza siku moja kabla, au utumie benki. Na kila mara soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Fundi akikutumia namba "mpya" siku ya mwisho, mpigie kwa ile ya zamani kwanza.

Ukitaka kutoa pesa taslimu za kubadilisha, nenda kwa wakala mkubwa asubuhi na ubebe kitambulisho, kwani wakala wadogo huishiwa pesa kufikia jioni. Badilisha kwenye benki au duka la fedha za kigeni lenye leseni, si kwa mtu wa barabarani. Na ukibeba dola 10,000 au zaidi, au kiasi kama hicho kwa sarafu nyingine, sheria inataka uzitangaze kwa forodha uwanjani.

5. Saa nane: weka simu mfukoni, ukatembee

Sasa shughuli zimeisha. Mzigo umefungwa. Muuguzi na mdogo wake wanaenda msitu wa Karura. Langoni hulipi kwa noti, unalipa kwa simu, kwa hivyo nenda na chaji ya kutosha. Ukishaingia, simu haina kazi tena.

Karura ina zaidi ya hekta 1,000 za miti katikati ya jiji. Kuna njia ya kuelekea maporomoko ya maji, kuna mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau, na ukitazama juu utaona kima, na ukibahatika, mbega wenye mikia mirefu myeupe. Msitu huu ulikaribia kugawanywa viwanja. Profesa Wangari Maathai na wenzake waliupigania, na Januari 1999 alijeruhiwa hapo alipokwenda kupanda miti. Leo watu wanatembea pale na watoto wao.

Tunawaambia wateja waende kutembea kwa sababu moja ya kipesa pia. Mazungumzo ya pesa mezani, mkitazamana, huwa mazito. Mkitembea bega kwa bega, maneno hutoka polepole. Yanaweza kuwa hivi:

"Dada, watu wakisema nakula pesa za mama?"

"Hutazigusa. Zinaenda kwake moja kwa moja. Wewe kazi yako ni kuniambia kama simu yake imeharibika."

"Na akiugua ghafla?"

"Nitakutumia wewe, kwa jina lako, na utanitumia risiti. Hiyo itakuwa pesa ya hospitali, si ya kitu kingine."

Dakika tano tu, na mdogo mtu anajua mipaka yake, na hana mzigo wa kushukiwa.

Kama uko mbali na Karura, Arboretum ya Nairobi iko karibu na mjini. Mombasa kuna Haller Park, iliyokuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. Kisumu kuna Impala Sanctuary kando ya ziwa.

6. Kubalianeni swali la siri

Kabla ya kutoka msituni, malizieni jambo hili. Matapeli wanapenda siku za safari. Ukiwa angani, simu imezimwa, mama anaweza kupokea ujumbe: "Mum hii ni namba yangu mpya, nimezuiliwa airport, nitumie elfu kumi haraka." Anakupigia, hupatikani. Hofu inamshika, anatuma.

Chagueni swali ambalo jibu lake halipo kwenye mitandao, kwa mfano jina la ng'ombe wa kwanza wa nyumbani. Mpigieni mama mkiwa hapo hapo, mumweleze: yeyote anayeomba pesa kwa namba mpya aulizwe swali hilo kwanza. Akishindwa kujibu, hatumiwi kitu. Mwambieni pia saa ambazo ndege itakuwa angani, ili ukimya wa simu usimtishe.

Na hili halibadiliki: sisi hatutakupigia kukuuliza PIN. Anayekuuliza PIN si mfanyakazi wetu, hata akijua jina lako kamili. Ukiwa ng'ambo na laini yako ikapoteza mtandao ghafla bila sababu, wasiliana nasi mara moja kwa namba iliyo kwenye programu yetu, kwa sababu huenda kuna mtu amejaribu kuibadilisha laini hiyo.

Kagua kabla ya kwenda uwanjani:

- Laini yangu iko kwenye simu yangu, na ina salio.
- Hakuna mtu aliye na PIN yangu.
- Mama amepokea pesa za majaribio na ameona jina langu.
- Karatasi ya namba za karo, stima na kodi imeachwa kwa mtu mmoja anayejulikana.
- Mama na ndugu zangu wanalijua swali la siri.

Ukikwama popote kwenye orodha hii, tupigie ukiwa bado nchini. Kazi ya dakika kumi leo inaweza kukuchukua wiki nzima ukishafika huko. Safari njema.