Usukani na usonji: kuwasikiliza wanaoiogopa barabara na wanaoipenda

Somo kwa vikundi vya amani, familia na vyama vya manseba



Tunapozungumza juu ya amani katika Lualaba, tunataja ardhi, mashimo ya wachimbaji na nafasi za kazi migodini. Barabara tunaisahau. Hata hivyo ugomvi mwingi wa kila siku unaanzia barabarani: pikipiki imemgonga mtoto, shofa amekimbia, watu wa kijiji wamefunga njia, mwenye sare amemvuta kijana shati. Tarehe 20 Februari 2019, karibu na kijiji cha Kabwe kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi, lori lililobeba asidi liligongana na basi, na watu wapatao 20 wakafa. Wengi wetu tunapopanda gari tunakuwa na hofu yetu moyoni, ingawa hatuisemi.

Katika somo hili tunataka kumsikiliza mtu ambaye hofu yake haifanani na yetu, yaani mtu mwenye usonji. Anajisikiaje anaposhika usukani, au anapokaa nyuma ya manseba? Na sisi tunaokutana naye njiani, je, tunamwelewa, au tunamgeuza adui bila sababu?

Usonji ni nini?

Wengine kwetu husema otisme, kama Wafaransa. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si kichaa, na si uchawi. Ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni, na mtu huzaliwa nayo. Mwenye usonji hupokea sauti, mwanga, harufu na maneno kwa njia yake. Mwingine hasemi kabisa, mwingine anasema vizuri kuliko mwalimu wake lakini haelewi mzaha. Wengi hawapendi kumtazama mtu machoni. Kwa sababu hiyo wako watoto wanaofukuzwa nyumbani wakiitwa wachawi, ingawa sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi.

Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika juu ya watoto 11 wa namna hii. Wa kwanza katika maandishi yake alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Tunamtaja kwa sababu moja. Donald alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, akichelewa kuliko wenzake, na baadaye akawa mtu wa kuonekana na gari lake mjini kwao. Alikufa mwaka 2023. Kwa hiyo anayeuliza kama mtu mwenye usonji anaweza kuendesha gari ajue kwamba swali lake lilijibiwa zamani, na yule yule wa kwanza kuandikwa. Si wote wanaoweza, lakini wapo.

Wanajisikiaje barabarani?

Watu wenye usonji walioandika au kuhojiwa juu ya jambo hili wengi wako Ulaya na Marekani. Itatubidi kuyaleta maneno yao hadi kwenye vumbi la Mutshatsha. Nao hawasemi kitu kimoja.

Wako wanaoogopa. Lakini tuangalie vizuri wanaogopa nini, maana hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Hawaogopi mashine. Gari hufanya kile unacholiambia. Ni watu ambao hawatabiriki. Honi moja ina maana ngapi kwetu? Inaweza kuwa salamu, onyo, hasira, au manseba anayetafuta abiria. Shofa wa lori akiwasha taa mara mbili, anakuambia upite au usipite? Mwingine anatoa kidole dirishani, mwingine anainua kichwa tu. Sisi tunaelewa bila kufikiri. Mwenye usonji analazimika kufikiri juu ya kila ishara, moja baada ya nyingine, huku barabara haimsubiri. Juu ya hayo kuna kelele ya injini, moshi, jua linalopiga kwenye kioo, na muziki wa jirani. Wanasema kwamba baada ya safari fupi wanakuwa wamechoka kama mtu aliyelima kutwa.

Tena kuna hofu ya kuumiza mtu. Wengi wao wanashika sheria kwa nguvu sana, na wazo la kosa moja tu linaweza kuwanyima usingizi. Wengine wana leseni, ile tunayoita permi, lakini wameiweka sandukuni. Wengine wanaendesha mchana tu, kwa njia wanayoijua, bila abiria na bila redio.

Wako pia wanaopenda, tena kwa moyo wote. Kwao gari ni kama chumba chenye mlango wake: hakuna anayewagusa, hakuna anayewataka wamtazame machoni, na kuna sheria zilizoandikwa. Wanaijua sauti ya kila kipande cha injini. Tufikirie safari ya kubanwa watu watatu juu ya pikipiki moja, jasho la mgeni mgongoni na maneno yake sikioni. Kwa mtu huyo, kuendesha mwenyewe ni kupumzika.

Na wako wasiotaka kabisa. Hao nao wana haki yao. Kwetu kijana wa kiume asiyeendesha anachekwa, na sisi tunaoandika somo hili tumewahi kucheka pia.

Watafiti wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani, waliwafuata vijana wa jimbo la New Jersey na kutoa matokeo mwaka 2017. Karibu kijana 1 kati ya 3 wenye usonji, wasio na ulemavu wa akili, alipata leseni kabla ya kufika miaka 21. Kwa vijana wengine ilikuwa zaidi ya 8 kati ya 10. Mwaka 2021 walitoa matokeo juu ya ajali. Madereva vijana wenye usonji hawakupata ajali nyingi kuliko wenzao, na ajali zao mara chache zilitokana na mwendo wa kasi. Shida yao kubwa ilikuwa kukata kona kushoto, pale unapokatiza mbele ya magari yanayokuja na ni lazima ukisie nani atasimama. Sisi pia tunaendesha upande wa kulia kama Wamarekani, hivyo kona hiyo ni ile ile.

Barabara yetu

Mutshatsha iko kwenye barabara ya taifa namba 39, inayotoka Kolwezi kuelekea Kasaji na Dilolo, mpakani mwa Angola. Reli nayo inapita hapo. Kwa miaka mingi sehemu ndefu ya barabara hii imekuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Upande wa Kolwezi, tangu mgodi wa Kamoa-Kakula uanze kutoa shaba mwaka 2021 ndani ya eneo la Mutshatsha, malori ni mengi. Mashofa wengine wanatoka Tanzania na Zambia, ambako watu huendesha upande wa kushoto. Wakivuka Kasumbalesa wanabadili upande. Magari mengi madogo yana usukani kulia. Katikati ya yote hayo kuna baiskeli za makaa, mbuzi, na manseba wanaopita popote penye nafasi.

Kwa maneno mengine, sheria iliyoandikwa ni ndogo, na ile ya macho na vidole ni kubwa. Hiyo ndiyo barabara inayomchosha mwenye usonji kuliko zote.

Mfano wa kuigiza

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya mafunzo. Wekeni watu wanne: kijana, mwenye sare, manseba na mama mwenye kibanda.

Kijana wa miaka 22, mwenye usonji, ni fundi mzuri wa pikipiki. Anatoka Mutshatsha kwenda Kolwezi kununua vipuri. Kwenye bariere, mwenye sare anamwonyesha kidole tu, huku anazungumza na mwenzake. Kijana haelewi, anaendelea polepole. Filimbi inalia. Anasimama, anaziba masikio. "Unatoka wapi?" "Kule nyuma." "Unanidharau?" "Hapana." Anatazama chini. Baada ya kukagua karatasi, ambazo zote ni sawa, mwenye sare anauliza: "Na sukre yetu je?" Kijana anakwenda kwenye kibanda cha mama, ananunua chupa moja ya soda, anamletea. Watu wanacheka. Mwenye sare anaona amefanywa mjinga mbele ya watu. Pikipiki inakamatwa. Kijana anapiga kelele na kujipiga kichwa. Manseba wanaopita wanaona mwenzao anateswa, wanapiga simu, na baada ya saa moja barabara imefungwa kwa matairi.

Igizeni hadi mwisho, kisha msimamishe mchezo na kumuuliza kila mmoja: wewe ulidhani nini?

Tunawaomba viongozi wa vikundi wasikimbilie kumlaumu mwenye sare. Ni kweli, habari ya sukre ni kosa na tuseme hivyo wazi. Lakini yeye naye ana hofu yake mbele ya mtu asiyesimama. Mutshatsha ilitekwa na wapiganaji waliotoka Angola mwezi Machi 1977, katika vita ya Shaba, na wazee wanakumbuka maana ya bariere siku hizo. Tatizo la mfano wetu ni kwamba kila mtu alisoma ishara ambayo mwenzake hakuitoa. Kijana hakudharau. Manseba hawakuona mateso, waliona mtu aliyelemewa na kelele.

Turudie mchezo kwa namna nyingine. Mwenye sare anainua kiganja chote na kusema "Simama." Anauliza swali moja, anahesabu kimoyomoyo hadi kumi, kisha ndipo anauliza jingine. Hamgusi. Filimbi inakaa mfukoni. Kijana akiziba masikio, wanasogea kando ya barabara, mbali na injini. Namna hii haihitaji pesa. Nayo inamsaidia hata kiziwi, na hata shofa Mtanzania asiyejua vidole vyetu. Chama cha manseba na polisi wa barabarani, wale wa rulaje, wanaweza kukubaliana juu ya ishara tatu au nne na kuzichora kwenye ubao pale bariere.

Wengine wanashauri kijana abebe kadi ndogo, kwa Kiswahili na Kifaransa, inayosema: Nina usonji, sema nami polepole, mpigie ndugu yangu namba hii. Ni wazo jema. Lakini jadilini kwanza na mwenyewe. Mahali pengine kadi ya namna hiyo inaweza kumfungulia mlango mtu mwenye nia mbaya.

Nani anaamua?

Nyumbani ugomvi ni mwingine. Baba anasema mtoto hataendesha kamwe. Mjomba anamwambia, mpe ufunguo awe mwanaume. Mwenyewe hajaulizwa.

Kuna jambo moja lisilo na mjadala. Kifafa huonekana kwa wenye usonji mara nyingi kuliko kwa watu wengine. Anayeanguka kifafa asiendeshe gari wala pikipiki mpaka daktari aseme. Kwa wakazi wa Kolwezi, kituo cha Joseph Guislain huko Lubumbashi kinahudumia magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu. Ni karibu kilomita 300, tunajua, lakini safari moja ni afadhali kuliko msiba.

Baada ya hapo, tumsikilize Temple Grandin, profesa Mmarekani mwenye usonji. Alijifunza kuendesha kwenye barabara za vumbi za shamba la shangazi yake, akienda kuchukua barua siku baada ya siku. Anashauri mtu afanye mazoezi kwa muda mrefu, hata mwaka mzima, mahali pasipo na magari mengi, mpaka mikono na miguu ijue kazi bila kuulizwa. Hapo akili inabaki huru kuwatazama watu wengine. Njia ya mashambani nje ya Mutshatsha inafaa kabisa kwa kazi hiyo. Pesa ya mafuta ndiyo ngumu.

Kuuliza kwanza ni muhimu hata kwa serikali. Uingereza, mwaka 2019, ofisi ya leseni ilibadilisha maelezo yake na kuwataka madereva wote wenye usonji wajitangaze kwake. Wenye usonji na vyama vyao walipinga, na ofisi ikarudi nyuma: mtu anatakiwa kusema tu kama hali yake inaathiri uendeshaji wake. Kwetu, sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Viongozi wa vikundi, ombeni nakala yake na muisome pamoja na mkuu wa rulaje wa mahali penu, kwa utulivu, kabla ya tukio lolote.

Maswali ya kujadili

Ni ishara gani za barabarani mnazozitumia kila siku ambazo hazikuandikwa popote? Mgeni angezijuaje?

Katika mfano wetu, ni wakati gani mama mwenye kibanda angeweza kuuzima ugomvi, na kwa maneno gani?

Je, kuna mtu katika familia zenu aliyekatazwa kuendesha, au aliyelazimishwa, bila kuulizwa?

Kabla ya kikao kijacho, wawili kati yenu waende kumtembelea mtu mwenye usonji, au ndugu anayeishi naye. Waulize: ni sauti gani ya barabarani inayokuchosha zaidi, na ni saa ngapi njia inakuwa shwari kwako? Andikeni jibu kama lilivyotolewa na mlilete.