SOMO LA WIKI: Kiwango cha chini cha kununua vipande si sababu ya kukopa

Tuseme mfanyabiashara wa nafaka ameweka pembeni shilingi milioni 3. Amefungua akaunti ya uwekezaji kwa simu yake ya kiganjani, akatafuta mfuko unaolipa gawio, na akakuta mpango alioutaka unaanzia shilingi milioni 5. Wazo la kwanza linalomjia ni kwenda kukopa milioni 2 zilizopungua. Somo la wiki hii linamhusu yeye, pamoja na kila msomaji aliyewahi kukwama mbele ya tarakimu kama hiyo.

Kiwango cha chini ni nini?

Ni kiasi kidogo kabisa cha fedha ambacho mfuko wa uwekezaji wa pamoja unakubali kutoka kwa mwekezaji mmoja. Mara nyingi viwango huwa viwili: kimoja ni cha kuanzia, cha pili ni cha nyongeza kwa kila mara utakaporudi kununua vipande. Wawekezaji wengi wapya huangalia cha kwanza na kusahau cha pili.

Tuangalie mifuko ya UTT AMIS ya hapa Tanzania. Mfuko wa Ukwasi, ulioanzishwa mwaka 2013, umeweka shilingi 100,000 za kuanzia na shilingi 10,000 za nyongeza. Mfuko wa Hatifungani, ulioanzishwa mwaka 2019, una milango mitatu. Anayetaka mtaji wake ukue bila kuchukua gawio huanza na shilingi 50,000. Anayetaka gawio kila baada ya miezi sita huanza na milioni 5. Anayetaka gawio la kila mwezi huanza na milioni 10.

Mfuko wa Umoja ulipoanza mwaka 2005 ulipima kwa vipande, si kwa shilingi: mwekezaji alitakiwa kununua vipande visivyopungua 10. Bei ya kipande wakati huo ilikuwa shilingi 70, hivyo mlango wake ulikuwa shilingi 700 tu. Leo kipande kimoja kimevuka shilingi 1,000, na vipande 10 hivyo hivyo vinahitaji zaidi ya shilingi 10,000. Kiwango kinachotajwa kwa vipande hupanda chenyewe kila bei inapopanda. Kinachotajwa kwa shilingi hubaki palepale mpaka kibadilishwe.

Kwa nini kiwepo?

Kila mwekezaji ana gharama zake kwa meneja wa mfuko: kumbukumbu, taarifa na malipo. Chukua mfuko unaozalisha, tuseme, asilimia 12 kwa mwaka. Mwenye shilingi 50,000 angepata 6,000 kwa mwaka, yaani shilingi 500 kwa mwezi. Kumtumia mtu shilingi 500 mara 12 kwa mwaka ni kazi isiyolipa upande wowote. Mwenye milioni 10 angepata shilingi 100,000 kwa mwezi, na hapo malipo yana maana. Ndiyo sababu mlango wa gawio la kila mwezi uko juu.

Hata hivyo, mifuko hii imeshusha kizingiti kilichokuwepo. Anayenunua hatifungani za serikali moja kwa moja kwenye mnada wa Benki Kuu ya Tanzania anatakiwa awe na angalau shilingi milioni 1. Kupitia mfuko, mwenye shilingi 50,000 anashiriki hatifungani za aina hiyo hiyo. Majirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine mwaka 2017. Serikali yao iliuza hatifungani ya M-Akiba kwa simu kuanzia shilingi za Kenya 3,000, wakati hatifungani za kawaida zilianzia 50,000.

Hesabu ya mkopo

Sasa turudi kwa mfanyabiashara wetu. Tuchukulie tena asilimia 12 kwa mwaka, ingawa hiyo ni ya mfano tu na hakuna mfuko unaoahidi faida. Akikopa milioni 2 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, atalipa riba ya shilingi 60,000 kila mwezi, sawa na shilingi 720,000 kwa mwaka. Milioni 5 zake zitamzalishia shilingi 600,000 kwa mwaka. Riba ya mkopo imemeza gawio lote, pamoja na lile la milioni 3 alizokuwa nazo mwenyewe, na bado anadaiwa milioni 2.

Njia ya pili ni kuingia kwa mlango wa shilingi 50,000. Aweke milioni 3 zake katika mpango wa kukuza mtaji, kisha aongeze shilingi 130,000 kila mwisho wa mwezi. Baada ya mwaka mmoja nyongeza zake zitafikia 1,560,000. Milioni 3 zitakuwa zimezaa 360,000, na nyongeza zenyewe zitakuwa zimezaa kama 84,000. Jumla ni takriban milioni 5. Hapo ndipo aulizie utaratibu wa kuhamia mpango wa gawio, akiwa hadaiwi na mtu.

Kidogo mno nacho kina gharama

Wapo wanaokosea upande wa pili. Kwa kuwa mfuko unapokea nyongeza ya shilingi 5,000, mtu hutuma 5,000 kila baada ya siku mbili. Haba na haba hujaza kibaba, lakini bandu bandu huisha gogo. Tuseme makato ya kutuma ni shilingi 500 kila mara. Kwa nyongeza ya 5,000 hiyo ni asilimia 10, na kwa faida ya asilimia 12 kwa mwaka fedha hizo zitafanya kazi miezi kumi ili kurudisha makato peke yake. Ukikusanya ukatuma 50,000 kwa mara moja, makato hayo hayo ni asilimia 1. Kabla ya kupanga utume mara ngapi, angalia makato ya mtandao wako wa simu au benki yako.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Kwanza, kiwango cha kuanzia ni cha mpango upi ndani ya mfuko? Pili, kiwango cha nyongeza ni kiasi gani, na kila kununua kunakatwa nini? Tatu, nikitaka kuuza vipande, fedha zitafika baada ya siku ngapi za kazi, na kuna ada ya kutoka? Nne, mfuko unawekeza wapi? Wenye hisa ndani yake, kama Umoja, bei ya kipande inaweza kushuka vilevile. Majibu yote yamo katika waraka wa toleo wa mfuko husika. Usome huo na uhakikishe viwango, kwani meneja anaweza kuvibadilisha.

Swali la tano ujiulize mwenyewe: fedha hizi ni akiba, au ni mtaji wa mzigo wa mwezi ujao? Mwenye duka anayetoa fedha za mzigo ili afikie kiwango cha chini anaweza kujikuta anauza vipande vyake wiki chache baadaye, huku wateja wameshahamia duka la jirani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Fungua daftari lako kwanza, uone akiba halisi ni kiasi gani, kisha utafute mlango unaolingana nayo.