Feza ya jamii na usalama wa njia ya kwenda kazini

Katika ukurasa huu tunazoea kusema juu ya kofia, viatu vyenye chuma na vumbi la mgodini. Leo tutoke langoni. Umemaliza posti ya usiku, umechoka, unapanda kinga yako kurudi nyumbani. Pembeni yako kamyo inapita ikibeba shaba. Hapo hakuna shefu wa usalama. Wengi wenu mnakumbuka Februari 2019, kijiji Kabwe, katika njia ya Lubumbashi–Kolwezi: kamyo ya asidi iligongana na basi, watu karibu 20 wakafa.

Tufanye hesabu ndogo. Gari la kilometa 60 kwa saa linakwenda karibu meta 17 kila sekunde. Dereva akiona mtoto, sekunde moja inapita kabla hajakanyaga breki. Meta 17 zimekwisha, na gari halijaanza hata kupunguza. Kwa kilometa 30 ni meta 8 tu. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kufa kwa mtu wa miguu aliyegongwa inazidi mara 4.5 mwendo ukipanda kutoka kilometa 50 mpaka 65. Kwa hiyo bango peke yake halitoshi. Dereva mwenye haraka hasomi bango, tuta analisoma.

Mtasema: hayo ni mambo ya Ulaya. Hapana. Dar es Salaam shirika Amend lilitengeneza njia mbele ya shule: matuta, njia za miguu, alama za kuvukia, penginepo mlango wa shule ulihamishwa upande wenye magari machache. Uchunguzi ulionyesha kwamba watoto walioumia walipungua kwa asilimia 26 au zaidi. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya WRI Ross Prize. Saruji, rangi na vyuma, basi.

Feza itoke wapi? Sheria ya madini ya 9 Machi 2018 inalazimisha kila kampuni yenye haki ya kuchimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka kwa maendeleo ya jamii. Mauzo yakiwa dola milioni 100, ni dola 300 000. Feza hiyo inaongozwa na chombo ambamo wajumbe wa kampuni na wajumbe wa jamii wanakaa pamoja. Tena asilimia 15 ya mrabaha wa madini ni ya komini, sekta au shefuri yenye mgodi. Watu wanaomba shule, wanaomba kisima. Ni vizuri. Lakini nani aliomba njia ya miguu ya kufika kwenye shule hiyo?

Ombi lisiwe maneno matupu ya “njia yetu ni mbaya”. Simameni pale mnapoogopa, saa 12 mpaka saa 1 asubuhi, siku tatu. Andikeni: watoto wangapi wamevuka, baiskeli ngapi, kamyo ngapi. Chora karatasi moja: lango, soko, shule, na msalaba kila mahali mtu alipogongwa. Sisi wa dispensari tutatoa hesabu ya majeruhi, bila majina. Waiteni mama wa soko, na wale wanaosukuma kinga zilizopakiwa makala toka porini. Wao ndio wanajua ukingo wa njia umekatika wapi.

Kisha ombeni kitu kinachopimika: matuta mawili, meta 400 za njia ya miguu iliyotengwa na mtaro, taa mbele ya lango. Tuta lipakwe rangi na liwe na alama mbele yake, kwani tuta lisiloonekana usiku linaangusha mwenye pikipiki, na nimekwisha kushona vichwa vya namna hiyo. Acheni nafasi ya maji kupita, sivyo mvua ya kwanza italibomoa. Ikiwa njia ni ya taifa, ruhusa ya Office des Routes itafutwe mapema. Andikeni pia nani atapaka rangi tena mwaka ujao. Hilo linasahauliwa kila mara.

Tutaanza kuhesabu Jumatatu mbele ya shule ya kambi, saa 12 kamili. Anayetoka posti ya usiku apite kwetu na baiskeli yake. Daftari na kalamu ziko dispensarini.