SOMO LA TAWI: Fedha za Miti na Mshahara wa Mpanda Miti



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa mara nyingi: serikali inapotenga fedha za kupanda miti au kuzuia mmomonyoko wa udongo, je, hilo ni jambo la chama cha wafanyakazi, au ni la wabunge na mabwana misitu? Sisi tunajibu kwamba ni letu pia. Miti ya mradi haijipandi. Kuna mtu anayechimba shimo, anayebeba miche kichwani na anayepalilia, na mtu huyo lazima alipwe.

Leo tujifunze habari za Marekani kuanzia mwaka 1933 hadi 1942. Tumechagua nchi ya mbali na jambo lililokwisha, ili tulione lote tangu mwanzo hadi mwisho.

1. Jinsi kazi ilivyoanza

Mwaka 1933 uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka. Karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Tena misitu ilikuwa imekatwa ovyo na udongo wa mashamba ulikuwa ukichukuliwa na maji na upepo. Rais Franklin Roosevelt alishika madaraka mwezi Machi mwaka huo, na kabla mwezi haujaisha Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwaandika vijana wa kiume wasio na kazi ili wahifadhi misitu na udongo. Kikosi chao kilijulikana kwa herufi tatu, CCC.

Vijana walikaa kambini, watu kama 200 kila kambi. Walipewa chakula, nguo na matibabu, na mshahara wa dola 30 kwa mwezi. Katika hizo, dola kama 25 zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wao nyumbani.

2. Ugomvi wa mshahara

Wa kwanza kupinga walikuwa wenzetu. William Green, rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoitwa AFL, alikwenda mbele ya kamati ya Bunge akaupinga mpango huo. Dola 30 kwa mwezi ni dola moja kwa siku. Alihofu kwamba serikali ikilipa dola moja, waajiri wote watasema hiyo ndiyo bei ya kibarua. Tena hakupenda vijana kuwekwa kambini chini ya wanajeshi.

Serikali ilijibu kwamba chakula na malazi ni sehemu ya malipo, na kwamba kijana aliyekuwa hana kazi hamnyang'anyi mtu kazi yake. Kisha Roosevelt akafanya jambo la busara ya kisiasa: akamteua Robert Fechner, makamu wa rais wa chama cha mafundi mitambo, awe mkuu wa CCC. Wakaruhusiwa pia kuandikwa watu wenye ujuzi wanaokaa karibu na kambi, ili wawafundishe vijana kazi. Upinzani wa vyama ukapoa.

3. Mtu wetu kitini

Je, kumweka mtu wa chama kitini kulitosha? Hapana. Sheria ilikuwa na kifungu kilicholetwa na Oscar De Priest, mbunge mweusi, kinachokataza ubaguzi wa rangi katika kuandika vijana. Lakini Weusi wengi walitengwa katika kambi zao, na mwaka 1935 Fechner mwenyewe alikaza amri ya kuwatenga. Wanawake nao hawakuandikwa kabisa katika kikosi hicho. Basi kiongozi akitoka kwetu, kazi ya kumkagua ndiyo kwanza inaanza.

4. Fedha za kuombwa kila mara

Kwa matokeo, kazi ilionekana. Katika miaka tisa walipita vijana karibu milioni 3, na walipanda miti karibu bilioni 3. Walijenga barabara za misituni, walizima moto na walikinga udongo.

Mwaka 1936 Roosevelt alitaka kupunguza kikosi ili kubana matumizi. Wabunge wa chama chake mwenyewe wakapiga kelele, maana kambi zilileta fedha katika majimbo yao na uchaguzi ulikuwa karibu. Rais akarudi nyuma. Lakini mwaka 1937 alipoomba CCC iwe idara ya kudumu, Bunge lilikataa, likaiongezea miaka mitatu tu. Wabunge walipenda kambi, ila hawakutaka kufungwa na sheria ya kudumu.

Desemba 1941 Marekani iliingia vitani. Vijana walitakiwa jeshini na viwandani, na fedha zikatakiwa huko huko. Juni 1942 Baraza la Wawakilishi lilikataa kutoa fedha za CCC kwa kura 158 dhidi ya 121. Katika Seneti kura zilikuwa sawa kwa sawa, na makamu wa rais Henry Wallace akapiga kura ya kuiokoa. Haikusaidia. Mabaraza yalipopatana, zilitolewa fedha za kufungia kambi tu.

5. Tunajifunza nini

Hatusemi kwamba kambi zingeendelea wakati wa vita. Tunasema hivi: mti unahitaji miaka 20 au 30, na bajeti ni ya miezi 12. Sisi wenyewe tumekutana na vibarua wa kitalu waliokaa miezi mitatu bila malipo kwa sababu fungu la mradi lilikatwa katikati ya mwaka. Vibarua wakaondoka, miche ikafa kwa kukosa maji, na wakubwa wakasema wananchi hawapendi miti.

Kwa hiyo mradi ukija wilayani kwenu, msikimbilie kupiga makofi wala kupinga. Ulizeni kwanza mshahara, kabla shimo la kwanza halijachimbwa, maana Green aliuliza mapema na akasikilizwa. Kisha ulizeni nani ameachwa nje. Mwisho ulizeni fedha zimewekwa na sheria gani, na zitakwisha lini. Majibu yaandikwe.

Maswali ya kujadili tawini:

(a) Je, Green alikosea au alikuwa na haki? Toeni sababu.
(b) Posho ya chakula ihesabiwe kuwa mshahara?
(c) Katika wilaya yenu, vibarua wa misitu wana mkataba? Nani aliusaini?
(d) Mbunge wenu alisema nini juu ya fungu la misitu bajeti iliposomwa?

Katibu wa tawi alete majibu katika mkutano ujao.